Hija na divai Nashik: lawama imepotea njia

Ukimweleza mtu wa pwani kwamba uko mji India ambako asubuhi watu humwaga majivu ya wazazi wao mtoni, na jioni, kilomita chache kutoka hapo, wengine huonja divai, jibu lake unalijua kabla hajafungua kinywa: ibada na ulevi havikai chungu kimoja. Wahindu wengi wa Maharashtra, jimbo lenye mji huo, husema hayo hayo. Mji wenyewe ni Nashik, kwenye mto Godavari, na kadiri mizabibu inavyozidi kuvuta wageni wa Mumbai, ndivyo lawama inavyozidi kukolea.

Si lawama ya kubezwa. Panchavati, sehemu ya mji huo, ndipo Ramayana, utenzi mtakatifu wa Wahindu, inapowaweka mungu Rama, mkewe Sita na nduguye Lakshmana uhamishoni, na jina la mji hunasibishwa na pua ya Surpanakha, zimwi la kike, iliyokatwa na Lakshmana. Kila baada ya miaka 12 Kumbh Mela, hija ya kuoga mtoni, huleta mamilioni ya waogaji. Hata siku ya kawaida, simama Ramkund, mahali patakatifu pa kuogea mtoni, alfajiri: mwana kanyoa kichwa, kashika chungu kilichofungwa kitambaa, anashuka ngazi hadi maji yamfike magotini, anamimina pale panapoaminiwa kwamba hata mifupa huyeyuka. Akimaliza, hujaza chupa ya plastiki maji hayo hayo apeleke nyumbani. Mtu aliyetoka kwenye shughuli hiyo akapishana na basi la vijana wanaokwenda kukanyaga zabibu kwa miguu huku muziki ukilia, ana haki ya kukereka. Na Katiba ya India, ibara ya 47, inaitaka serikali ijitahidi kupiga marufuku vileo.

Lakini huo "usafi wa mji" unaodaiwa kuchafuliwa ni upi? Hekalu la Kalaram, hapo hapo Panchavati, lilikuwa likiwafungia mlango Wadalit, watu waliohesabiwa najisi katika mfumo wa matabaka. Tarehe 2 Machi 1930 kiongozi wao, Ambedkar, alianzisha maandamano ya kudai waingie, yakaendelea kwa miaka bila mlango kufunguliwa. Mwaka 1935, akiwa Yeola, wilaya hiyo hiyo, akatangaza kwamba kazaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Nje kidogo ya mji kuna mapango ya Pandavleni, yaliyochongwa na Wabudha yapata miaka elfu mbili iliyopita. Na sisi Waswahili tuna kipande chetu: Sharanpur, mtaa wa Nashik ambako wamisionari waliwalea vijana wa Kiafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Jacob Wainwright, aliyeisindikiza maiti ya Livingstone hadi London mwaka 1874, alisoma huko, na wenzake kadhaa walirudi Mombasa wakawa nguzo za Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru. Mji uliobeba yote hayo hauwezi kuvunjwa na glasi ya divai.

Tena divai yenyewe ni kidogo kuliko kelele zake. Hapa ndipo ninapong'ang'ania. Rajeev Samant aliacha kazi California, akapanda mizabibu ya divai kwenye ardhi ya familia yake, na kiwanda chake cha divai, Sula, kikaanza kukamua mwaka 2000. Tangu hapo Nashik inaitwa mji mkuu wa divai wa India. Jina kubwa, lakini sehemu kubwa ya zabibu za wilaya haigusi pipa. Ni zabibu za mezani, hasa aina isiyo na mbegu iitwayo Thompson Seedless, zinazopangwa kwenye maboksi na kusafirishwa hadi Uholanzi. Mizabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka ili matunda yaive wakati wa baridi, na huvunwa kati ya Januari na Machi. Funga viwanda vyote vya divai kesho: nyaya, nguzo na mabomba ya kumwagilia kwa matone vitabaki vimejaa mabonde yale yale, na maji yataendelea kutumika.

Ukitaka kuilaumu divai, anzia kwa mkulima. Baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008 na mdororo wa uchumi, divai ilidoda, na wapo waliong'oa mizabibu yao. Zabibu ya divai ina mbegu na ganda gumu. Kiwanda kikikukataa, huwezi kuibeba sokoni. Hilo ni kosa lenye uzito. Ila mwaka 2022, serikali ya jimbo iliporuhusu divai iuzwe supamaketi, tena si zile zilizo karibu na shule au nyumba za ibada, kelele zilizoukwamisha mpango huo zilikuwa za maadili. Mkataba wa mkulima na kiwanda haukumnyima mtu usingizi.

Mgeni anayekaa barazani kwa mwenye shamba, glasi mkononi, mara nyingi anatazama maji ya bwawa la Gangapur. Maji hayo ndiyo yanayoshuka hadi Ramkund. Mwaka 2015 watu wa Marathwada, eneo ambako mto huo huo huteremkia, walikuwa kwenye ukame mkali, na bwawa likafunguliwa ili mahujaji wa Kumbh Mela waoge; suala likafika Mahakama Kuu ya Bombay. Sasa maandalizi ya Kumbh ya 2027 yameibua mgogoro mwingine: mpango wa kukata miti Tapovan, msitu ambao hadithi inasema ndiko pua ya Surpanakha ilikokatwa, ili kupatikane nafasi ya kambi za masadhu, watawa wa Kihindu. Wakazi wamesimama kuitetea. Hakuna chupa hata moja ya divai katika ugomvi huo.