Mgeni wa mahabusu: marufuku iishie wapi?

Orodha ya vitu ambavyo mgeni haruhusiwi kuingia navyo kwenye gereza la mahabusu haitofautiani sana kutoka gereza moja hadi jingine: simu, silaha na chochote chenye makali, dawa za kulevya, pombe, mara nyingi tumbaku na fedha taslimu pia. Kila kipengele kina sababu. Simu moja ikipenya, mtuhumiwa anaweza kumtisha shahidi kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Fedha taslimu nazo huzaa madeni, na madeni ya ndani ya kuta hulipwa kwa vipigo. Katika hili askari magereza wana haki, na sioni la kubishana nao.

Ubishi unaanza pale marufuku inapovuka kutoka kwenye mfuko wa mgeni na kufika kwenye mkono wake. Mwaka 1984, katika kesi ya Block dhidi ya Rutherford iliyohusu gereza la Los Angeles, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mahabusu wote wazuiwe kugusana na wageni wao. Hoja yake ilikuwa kwamba mguso hufungua njia ya magendo, na kwamba mahabusu wanaoingia na kutoka kila siku hawawapi askari muda wa kumjua aliye hatari. Hoja hiyo si nyepesi. Hata hivyo, mahakama ya chini ilikuwa imeamuru mguso uruhusiwe kwa wale tu waliokwisha kukaa mwezi mmoja au zaidi na wasioshukiwa kutoroka wala kuingiza dawa, yaani watu ambao gereza lilikuwa na nafasi ya kutosha kuwafahamu. Kwa maoni yangu, amri hiyo ndiyo iliyokuwa ya busara zaidi.

Tena, mgeni si mlango pekee wa magendo. Magereza ya jimbo la Texas yalipositisha ziara za ana kwa ana mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, dawa za kulevya ziliendelea kuingia. Anayempekua mama wa mahabusu hadi kwenye soli za viatu, huku akimpitisha mtumishi wa gereza kwa salamu tu, analinda lango moja kati ya mengi.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinatoa mizani ninayoikubali. Kanuni ya 60 inaruhusu gereza kumzuia mgeni asiyekubali kupekuliwa, lakini inakataza upekuzi wa kudhalilisha na inasema watoto wasifanyiwe kamwe upekuzi wa ndani ya mwili. Kwa mahabusu, ambaye bado hajatiwa hatiani, ziara ina uzito mwingine pia, kwani mgeni ndiye anayemtafutia dhamana na wakili, na ndiye anayejua kama kodi ya nyumba imelipwa.

Kwa hiyo ningependelea upekuzi mkali kuliko kioo cha kudumu kinachomtenga mgeni na mahabusu. Kioo kibaki kwa yule ambaye kuna sababu mahususi ya kumshuku, sababu hiyo iandikwe, na ipitiwe upya baada ya muda uliowekwa. Orodha ya marufuku nayo, pamoja na masharti ya mavazi na vitambulisho, imfikie mgeni kabla hajafunga safari, maana kumrudisha mtu langoni kwa sharti asilopata kulisikia hakuzuii magendo yoyote.