Redio za jamii za Kivu: mfadhili alipe kipindi au alipe mafuta?

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye, tarehe 27, wapiganaji wa M23, kundi la waasi linaloungwa mkono na Rwanda, waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Kwa redio za jamii mashariki mwa Kongo, mambo hayo mawili yalikuwa pigo moja: ruzuku zilikatika wakati uleule msikilizaji alipotaka kujua barabara ipi inapitika, maji yako wapi na nani ameshika mtaa wake. Benki zikafungwa. Redio kadhaa zikaporwa vifaa. Tangu hapo lawama haziishi kwamba redio hizi hazikupaswa kabisa kuegemea fedha za nje.

Wanaolaumu wana hoja. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 hasa Kivu Kaskazini na Ituri, redio ndogo zililipwa kurusha vipindi vya uhamasishaji. Taarifa zilihitajika, hilo halina ubishi. Lakini redio inayolipwa kwa kila kipindi haina haraka ya kuuliza fedha za operesheni ya kupambana na Ebola zinaishia mfukoni mwa nani, swali ambalo wakazi walikuwa wakiliuliza kila siku. Mkazi asiyeiamini operesheni akamhesabu na mtangazaji kuwa mtu wao. Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliuawa nyumbani kwake baada ya kuendesha kipindi cha Ebola.

Haya, tuziondoe fedha za nje. Nani atalipa? Redio ya wilayani huishi kwa matangazo ya vifo, salamu, kanisa na maduka mawili matatu. Barabara ikifungwa, mwenye duka ndiye wa kwanza kukata tangazo. Anayebaki na fedha ni mwanasiasa na bahasha yake, au mwenye bunduki asiyehitaji hata bahasha. Anayesema mfadhili humnunua mhariri aseme pia bei ya mhariri huyo pale mtaani, maana mara nyingi ni ndogo zaidi.

Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, shirika la habari la Uswisi, mwaka 2002, ilionyesha kuwa mshahara wa uhakika hujenga chumba cha habari kinachosikilizwa nchi nzima. Ila mshahara hauzuii risasi: mwandishi wake Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, na mwenzake Didace Namujimbo mwaka uliofuata, mjini humohumo.

Kwa hiyo fedha zipokelewe, lakini ugomvi wa kweli uwe juu ya zinalipia nini.

Chukua mtambo wa FM wa wati 500. Kwenye umeme hula takriban wati 750. Ongeza miksa, kompyuta na taa, unakaribia kilowati moja na kidogo. Jenereta ndogo ya petroli kwa mzigo huo hunywa kama lita moja kwa saa. Saa 12 kwa siku ni lita 360 kwa mwezi, na hizo ndizo bajeti ya mradi isizozitaja. Badala yake huja mtambo mpya wa wati 1,000, wenye stika ya mfadhili, unaokula umeme karibu mara mbili na kuongeza umbali wa kusikika kidogo tu. Mawimbi ya FM hufika kule tu antena inakoweza kuona: kupandisha antena kutoka mita 15 hadi 30 husogeza upeo kutoka kama kilomita 16 hadi 23, bila tone la petroli. Mlima ukiwa katikati, wati hazisaidii kitu.

Mitambo hii pia hufa kwa sababu ndogo. Maji yakiingia kwenye kiungo cha kebo ya antena, nguvu inayopaswa kwenda hewani hurudi na kuunguza transista. Utepe mzuri wa mpira na fundi wa kukagua kiungo kabla ya mvua vingetosha. Milima ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani, na bado kuna milingoti isiyo na waya wa kupeleka radi ardhini. Fundi hakuwemo kwenye andiko la mradi.

Ruzuku ya uendeshaji, yaani mishahara, mafuta na fundi, ina kasoro zake. Mafuta huibwa kirahisi kuliko kipindi. Dawa yake ni kulinganisha lita zilizonunuliwa na saa zinazosomeka kwenye mita ya jenereta kila wiki. Sola hupunguza mafuta, lakini paneli juu ya paa huonekana mbali na huporwa mapema. Na ruzuku ya namna hii ikikatika, mishahara yote hukatika siku moja. Hivyo mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya matumizi, na fedha ziingie kidogokidogo kila mwezi. Palipofungwa benki zipite kwenye simu, ingawa hapo makato, na kumbukumbu za miamala zinazoweza kumfichua anayelipwa, nazo ni gharama.

Linalobaki gumu ni nembo ya mfadhili. Januari 2025, kabla Goma haijaanguka, waziri wa sheria mjini Kinshasa alitishia adhabu ya kifo kwa yeyote, hata mwandishi wa habari, atakayeeneza shughuli za M23 na jeshi la Rwanda. Mji ukishatekwa, wakubwa wapya nao huitaka redio iseme lugha yao. Hapo katikati, mkataba unaolazimisha stika mlangoni na jina la redio kwenye ripoti ya mwaka humfichua mtangazaji kwa pande zote mbili. Mfadhili ana walipakodi wa kuwaonyesha matumizi, ni haki yake. Lakini hesabu zinaweza kukaguliwa kwa faragha, na kifungu cha kuondoa majina na nembo siku hali inapobadilika kiandikwe kabla ya fedha ya kwanza kutumwa. Kikisubiri mji utekwe, wa kukitia saini pengine atakuwa amekimbia.