Mzigo mmoja, risiti mbili

Mjomba ni dalali wa samaki pale Deep Sea, hapa Tanga. Mwaka jana nilimwandikia programu ndogo: anaingiza kilo na bei, inampa mauzo, ushuru na kinachobaki cha mvuvi. Siku moja kaja kwetu Ngamiani na karatasi mbili mkononi. "Mjomba, mzigo mmoja, risiti mbili. Niamini ipi?"

Ilikuwa hivi. Kilo 40 kwa shilingi 5,000 ni 200,000. Ushuru, tuseme asilimia 5, ni 10,000, kinabaki 190,000. Bei ikapanda hadi 6,000. Mauzo yakawa 240,000, yakatangaza kuwa yamebadilika, na kinachobaki kikakurupuka kutoa ushuru wa zamani: 230,000. Printa ikachapa. Ndipo ushuru nao ukaamka, ukawa 12,000, hesabu ikarudiwa: 228,000. Printa ikachapa tena. Kila fomula ilikuwa sahihi. Kilichoharibu ni nani kaambiwa kwanza.

Huo ndio mtindo wa mtazamaji (kwa Kiingereza observer pattern), tuliokaririshwa sote tunaoandika programu. Anayetaka habari anajiandikisha, habari ikitoka anaitwa. Umbea wa barazani, kwa kweli: kila mmoja anampasha mwenzake, na anayewahi kusema ndiye mwenye habari nusu. Na ukisahau kumfuta aliyejiandikisha, anaendelea kula kumbukumbu ya simu hata skrini yake ikishafungwa. (Mmoja wa hao alinimalizia Jumamosi na Jumapili.)

Mwaka 1997 watafiti wa kompyuta Conal Elliott na Paul Hudak, wakishughulika na picha zinazotembea, walionyesha njia nyingine: thamani ni kitu kinachobadilika na wakati, nawe unataja uhusiano tu. Siandiki "bei ikibadilika, fanya hiki na kile." Naandika kinachobaki ni mauzo kutoa ushuru, basi. Kipi kikokotolewe kwanza, maktaba nzuri, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, inapanga yenyewe. Karani yeyote wa Excel anayajua haya bila kusomea: anagusa seli moja, jumla inafuata.

Mwaka 2010 watafiti wengine, Ingo Maier, Tiark Rompf na Martin Odersky walipendekeza mtindo wa mtazamaji ustaafishwe. Niko upande wao, ila si kwa kila kitu. Elm, lugha ya kuandikia programu, ilijengwa juu ya fikra hizi, kisha mwaka 2016 ikaziacha ili iwe rahisi kujifunza, na walioitunga siwalaumu. Hata mimi zilinitoa jasho. Kwa kitufe kimoja cha kufunga dirisha, mtazamaji anatosha. Kuita maktaba nzima hapo ni kukodi fuso kwenda kununua chumvi. Lakini hesabu mbili zikichota kisima kimoja, kisha zikakutana tena mbele kama mauzo na ushuru, hapo mtazamaji simrudii.

Programu nimeiandika upya, risiti inatoka moja. Zile 2,000 za ziada mvuvi hajazirudisha, na mjomba anasema zitoke mfukoni mwangu.