Mfongo Uliokauka Kwenye Grafu

Kamati ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wa kijijini kwetu, juu ya mji wa Moshi, ilipoazimia kupima kina cha maji, kazi ya kuchora grafu nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na kompyuta na nilikwisha jigamba mara kadhaa kwamba naifahamu gnuplot, programu ya kuchorea grafu. Kwa siku 14 nilichovya rula mahali palepale: siku ya kwanza sentimita 31.6, siku ya mwisho sentimita 31.2, na katikati hakuna la kusimulia.

Usiku wa kuamkia kikao nilichora. Sikuuwekea mhimili wa wima mipaka, nikaiachia programu ijiamulie, nayo, kama ilivyo desturi yake, ikatazama kipimo kidogo na kikubwa kuliko vyote, ikautandaza mhimili baina ya hivyo viwili tu. Upungufu wa milimita nne ukaporomoka kutoka kona ya juu hadi sakafuni, kama mtu aliyeteleza kwenye matope ya masika. Niliuona mstari mzuri sana, hata nikautia rangi nyekundu.

Mzee mwenyekiti aliitazama karatasi, akavua kofia. "Mwanangu, ndiyo kusema maji yamekwisha?" Kabla sijamwonyesha namba za pembeni, ambazo nilizichapa kwa herufi zisizofaa macho ya wazee, mjumbe mmoja alikwisha simama na kutangaza kwamba wenzetu wa juu wanaziba mfongo usiku ili wanyweshe migomba yao. Majembe yakashikwa, na kikao kizima kikaanza kupanda mlima. Hakuna aliyefikiri kuutazama mfongo wenyewe, uliokuwa ukibubujika kando ya njia hatua kwa hatua pamoja nasi.

Nami nilirekebisha kosa papo hapo, nimeketi juu ya jiwe, kompyuta magotini. Nilikusudia kuandika set yrange [0:40], yaani mhimili wa wima uanzie sifuri na kuishia 40. Kwa kutetemeka nikaandika 400. Mstari ukalala chali karibu na sifuri. Nikaukimbiza kwa furaha hadi kwa wenzetu wa juu, nikawaonyesha kwamba sasa umenyooka na hakuna aliyeiba kitu. Wao wakaona mfongo uliokauka tangu siku ya kwanza, wakashika majembe yao, wakageukia kitongoji kilicho juu zaidi.

Ile 40 niliiandika jioni, wala hakuna aliyeomba kuiona. Nilitumwa kuomba radhi kwa vitongoji vyote viwili, nikiwa na jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, mkononi na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kichwani. Mzee wa huko juu alilipokea jani, akaniomba rula, akaitumbukiza kwenye mbege na kusoma kwa sauti, "Sentimita 19." Kisha akaniuliza, bila hata kutabasamu, ndoo yenyewe inaanzia ngapi na kuishia ngapi.