Hotpoti ya mtoto: shule ina haki ya kuifungua?

Mwezi wa kwanza ukifika, pamoja na list ya madaftari na rimu za karatasi na toilet pepa (hizo toilet pepa nazo wanazipeleka wapi zote sijui), siku hizi kuna karatasi nyingine inakuja, ya vyakula ambavyo mtoto haruhusiwi kubeba. Ya kwetu mwaka huu imetaja chipsi, soda, juisi za boksi, krispi, bigijii, biskuti za krimu, halafu chini kabisa eti chakula chochote chenye karanga. Yaani mpaka kashata! Grupu la wazazi liliwaka siku mbili. Mama mmoja akaandika mtoto wangu, hotpoti yangu, hela yangu, mwalimu anaingiaje hapo? Baba mwingine akamjibu dada tulia, waache walimu wafanye kazi, kila siku watoto wanashindana juisi ya nani kubwa. Mi nilikaa kimya nikasoma tu, ila kadiri nilivyosoma ndo nikaona wote wana pointi na wote kuna kitu wanakiruka.

Nianze na walimu maana ndo wanaotukanwa sana. Soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, hiyo ni kama vijiko tisa vya chai, na WHO wanashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, na akiweza aishie 25. Mtu mzima huyo, sasa dogo wa darasa la pili anamaliza chupa yake saa nne asubuhi. Na ishu ya kushindana ipo kweli tusidanganyane. Hotpoti zinafunguliwa pamoja, huyu ana kuku wa kukaanga na juisi, yule ana viporo vya ugali na dagaa, na watoto hawana adabu ya kunyamaza, watasema tu. Ukiweka sheria mnakuja na vitu vya kawaida, angalau unampunguzia aibu yule anayekula kafunika mkono juu ya mfuniko.

Upande huo naukubali kabisa. Shida yangu ni kwamba ile list inaonekana kama imeandikwa na mtu asiyepika.

Chukulia mzazi wa Kibamba au Mbagala ambaye shule iko mbali. Skul basi inapita saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu inazunguka mtaa mzima kukusanya watoto, kwahiyo mama anaamka saa kumi, anapika wali wa nazi, anaupakia wa moto kwenye hotpoti ya plastiki tu isiyotunza joto, anafunika, mvuke unabaki humo humo ndani, hotpoti inakaa kwenye begi chini ya siti, kisha kwenye shelfu la darasa, mpaka saa saba mchana. Hayo ni masaa nane na ushee, na hili joto la Dar la mwezi wa pili ambapo hata wewe uliyekaa kivulini unatota jasho. Bakteria wanazaliana vizuri kabisa chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya masaa mawili, joto likipita nyuzi 32 ni lisaa limoja tu. Wali ndo mbaya zaidi, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukipoa zinaamka, na ile sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukipasha upya. Tui la nazi nalo kila mtu wa Pwani anajua linavyochacha.

Sasa angalia ile karatasi tena. Biskuti marufuku, wali wa nazi ruksa. Biskuti ni kavu, ina sukari nyingi sawa, ila haijawahi kumtapisha mtoto saa nane mchana. Chakula ambacho kweli kingeweza kumpeleka dogo zahanati hakijagusiwa, wala hakuna sehemu wanasema chakula kibebwe kwenye chupa inayotunza joto au wataweka friji. Hapo ndo nikaanza kuhisi list haihusu afya sana.

Na ndo hapo wazazi wa upande wa pili wanapopata nguvu. Ukizidi kuzuia vya nyumbani mwisho wake mzazi alipie lunch ya shule, na hiyo ni hela. Si huku tu, mwaka 2011 kule Chicago lilivuma suala la shule moja ya umma, Little Village Academy, iliyokataza watoto kuja na chakula chao isipokuwa wenye sababu za kitabibu, wale cha kantini tu. Wazazi walilalamika vilevile kama sisi, watoto wenyewe wakasema chakula cha kantini hakiliki. Atakuja mtu na mfano wa Japani ambako watoto wa msingi wanakula sahani moja na wanapakuliana wenyewe, lakini wale wana sheria ya chakula cha shule tangu 1954 na wana wataalamu wa lishe wanaopanga menyu. Walileta sahani kwanza. Huku unazuiwa hotpoti halafu mtoto anapewa wali maharage Jumatatu mpaka Ijumaa, Alhamisi wakijisikia ni makande.

Kuna na wale ambao sheria ya jumla haiwatoshi. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, sukari ikishuka ghafla anahitaji kitu kitamu palepale, kiboksi cha juisi kwake ni dawa, sasa mwalimu wa zamu anayekagua mabegi getini akikitupa? Mtoto wa Kihindi wa Upanga asiyekula nyama kabisa, mtoto wa Kiislamu ambaye mama yake hana uhakika nyama ya jikoni la shule imechinjwa na nani, hawa nyumbani ndo sehemu pekee wanayoiamini.

Karanga nimeiwazia sana. Kama darasani kuna mtoto mwenye aleji ya karanga, hata mmoja, mi kashata naacha bila maneno maana aleji ile inaua. Ila tuambieni yupo! Ukikopi sheria ya shule za Uingereza ukaibandika Tabata bila kuuliza, unaondoa mojawapo ya protini za bei rahisi, kwenye nchi ambayo utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa.

Na haya yote, tukumbuke, ni mjadala wa sisi wa English medium. Shule za serikali elimu bila malipo ilianza Januari 2016 lakini chakula kikabaki kwenye michango ya wazazi, na kuna watoto lunch yao ni mihogo ya kukaanga na barafu ya mia pale getini, wala hawana hotpoti ya kukaguliwa.

Kwahiyo mi nilipo ni hivi, shule ikataze kinachoweza kumdhuru mtoto mwingine au kuchacha kabla ya lunch, na iseme kwa nini. Ladha na sukari iongee na mzazi, isimpokonye mtoto mbele ya wenzake. Na chochote inachokikataza kwenye begi ikitoe kwanza kwenye kantini yake. Hilo la mwisho nililiuliza kwenye kikao, nikaambiwa mzazi tumelipokea, liko kwa uongozi. Wiki ya sita hii. Krispi kantini bado jero, na binti yangu kila asubuhi kabla ya kupanda basi ananiomba jero.