Nani Anaamuru Hapa?

Kila zinapoombwa fedha za mafunzo ya ukamanda wa matukio ya dharura, ngazi ya kati, hoja ni ile ile: magari ya zimamoto hayana maji, ambulensi hazitoshi, nanyi mnataka kuwakalisha maofisa darasani siku tatu wajaze fomu? Hoja hiyo ina uzito. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walinusurika, na si cheti kilichowapeleka wavuvi wale majini.

Lakini magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, bunduki na mafunzo havikukosekana. Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, waliingia, kisha wakaja wanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya. Jengo moja, vikosi viwili, amri mbili. Ofisa wa Recce akauawa kwa risasi za wenzake, polisi wakatoka, na mzingiro ukaingia siku ya nne. Walikufa watu 67. Sidai kwamba kozi ingewaokoa wote. Wengi waliuawa mapema. Ofisa yule, je?

Mfumo wa ukamanda unaofundishwa katika kozi hiyo ulitokana na moto wa misitu wa California wa mwaka 1970, uliowaka siku 13 na kuua watu 16. Uchunguzi ulionyesha kuwa kilichokwamisha kazi mara chache kilikuwa vifaa. Redio hazikusikilizana, kitu kimoja kiliitwa majina tofauti, na watu wengi mno waliripoti kwa mkuu mmoja. Ndiyo maana kozi inasisitiza idadi: mtu mmoja asimamie watu 3 hadi 7, vizuri zaidi watano. Wa nane akifika, gawanya kazi. Inaonekana hesabu ya chekechea, hadi usimame penye moshi watu 20 wakikuita kwa pamoja.

Ngazi ya awali humfundisha mtu nafasi yake. Ya kati humfundisha kuupanua muundo tukio linapokua, na kukabidhi amri. Fomu inayodharauliwa huanza na mchoro wa eneo: moto uko wapi, nani yuko ndani, aliingia mlango gani. Anayepokea huushika mkononi kabla ya kutoa amri yoyote.

Naunga mkono fedha hizo, kwa sharti moja: zimamoto wasifunzwe peke yao. Polisi, jeshi, Msalaba Mwekundu na watu wa hospitali wakae meza moja, wachore mchoro mmoja.