Dawa iliyowafaa wanaume pekee? Mtego wa kulinganisha makadirio mawili

Sentensi ya aina hii imejaa katika majarida ya sayansi: dawa ilipunguza shinikizo la damu kwa wanaume, lakini kwa wanawake haikuonyesha athari. Msomaji huondoka akiamini kwamba jinsia hizo zimetofautiana. Mara nyingi tofauti yenyewe haikupimwa.

Chukua namba za kubuni. Kwa wanaume shinikizo limeshuka kwa 6, kosa sanifu, yaani kipimo cha shaka iliyo katika kadirio, likiwa 2.5. Kwa wanawake limeshuka kwa 4, kosa sanifu ni lile lile. Kadirio la kwanza linavuka kizingiti maarufu cha p chini ya 0.05 (p ni uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi iwapo dawa haina athari), la pili linakwama. Lakini tofauti kati yao ni 2 tu, na kosa sanifu la tofauti hiyo ni kama 3.5. Kwa data hizo huwezi kusema nani kanufaika zaidi. Wanatakwimu Andrew Gelman na Hal Stern walilieleza jambo hili mwaka 2006. Mwaka 2011 Sander Nieuwenhuis na wenzake walichunguza makala za sayansi ya neva: kati ya 157 zilizofanya ulinganisho wa namna hiyo, 79 zilikosea, tena katika majarida makubwa.

Basi ipimwe tofauti yenyewe, wanasema wanatakwimu. Sawa, ila kuna gharama ambayo hawaizungumzii sana. Ukigawa washiriki nusu kwa nusu, kosa sanifu la tofauti huwa mara mbili ya lile la matokeo ya jumla, kwa hiyo kulishusha hadi kiwango cha lile la jumla kunahitaji washiriki mara nne. Tafiti chache zina uwezo huo. Wenye kutetea uchambuzi wa makundi wana hoja nzito hapa: tukisubiri tofauti ithibitike kila mara, kundi linalodhurika kweli linaweza kupita bila kuonekana.

Hata hivyo, kinyume chake kimeshaonekana: makundi kuonekana kutofautiana kwa bahati tu. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo, ulionyesha wazi kuwa aspirini inaokoa maisha. Watafiti wakawagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, kwa kejeli ya makusudi, na aspirini ikaonekana kutowafaa watu wa Mapacha na Mizani.

(Wanaokagua grafu kuona kama mistari ya makosa, ile inayochorwa kuzunguka kila kadirio kuonyesha shaka yake, imepishana nao wasijipongeze: mistari ya asilimia 95 inaweza kupishana na tofauti bado ikavuka kizingiti.)

Mwaka 2019 Valentin Amrhein na wenzake waliandika katika Nature, wakiungwa mkono na zaidi ya wanasayansi 800, kwamba kizingiti kiachwe kabisa. Mtafiti wa tiba John Ioannidis akapinga: bila kanuni iliyowekwa mapema, kila mtu atasoma matokeo apendavyo. Nadhani Ioannidis yuko sahihi kuhusu tabia za watu, lakini kizingiti hicho hicho ndicho kinachozaa ile "lakini" ya wanaume na wanawake. Mtafiti anaweza kukibakiza na bado akaandika tofauti pamoja na mipaka yake. Katika mfano wetu ingesomeka hivi: huenda wanaume wamewazidi wanawake kwa 9, huenda wanawake ndio waliowazidi wanaume kwa 5. Haivutii kama kichwa cha habari, lakini ndicho kilichopatikana.